Gambuti za Mama na Sheria Iliyokuwa Njiani

Upuuzi nilioufanya ni huu: nilisikia habari za sheria mpya ya wafanyakazi, nikampelekea tajiri kabla ya kuwapelekea wafanyakazi. Tena nilimpelekea mbele za watu, kwa sauti, nikicheka, nikiwa nimevaa gambuti za mama yangu, viatu vya mpira vya kufika magotini. Kama kuna mashindano ya ujinga katika wilaya hii ya Homa Bay, nipeni kikombe twende nyumbani.

Sasa nimestaafu. Najua mtacheka, maana muhula ujao naingia kidato cha tatu na ndevu bado sijui zitaota upande gani. Lakini kustaafu si mvi. Kustaafu ni kuambiwa usirudi, na mimi nimeambiwa. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi wa kidato cha kwanza, ambao kila likizo mnazunguka ufuoni mkiuliza kama kuna kazi. Kuhusu vyeo nilivyopanda na mshahara nilioongezwa sitasema lolote. Wastaafu wengine huyaruka hayo kwa unyenyekevu. Mimi nayaruka kwa sababu hayakuwapo.

Mahali penyewe mnapajua: banda la mabati karibu na maji, meza ndefu ya saruji katikati, sanduku kubwa la barafu pembeni. Mashua zinaleta mbuta, yaani sangara, kutoka kisiwa cha Remba. Wanawake wanaizunguka meza, wanapara magamba, wanapasua tumbo, wanatoa uchafu, wanaosha, wanapanga kwenye barafu, kisha lori linawapeleka samaki kiwandani. Huko nyama inachunwa na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Mifupa inaturudia sisi, kichwa na uti wa mgongo, tunaikaanga, tunaiita mgongo wazi, tunajilamba vidole. Mbuta anasafiri vizuri sana. Aliyempara anaenda nyumbani kwa miguu na harufu yake, na hata mbwa wanamfuata kwa heshima.

Niliingia kazini likizo ya Aprili nikiwa kidato cha kwanza kama nyinyi. Sikuomba kazi. Mama aliamka akitetemeka kwa malaria, akajaribu kusimama, akaketi tena. Akazisukuma gambuti zake kwangu kwa mguu.

"Vaa."

"Mama, hizi ni za mwanamke."

"Samaki hataangalia. Vaa uende, kabla hawajampa mtu mwingine meza yangu."

Hapo lazima niwaeleze desturi ya banda, kwa maana mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo. Mtu akiajiriwa anapewa gambuti, na gambuti zinapakwa rangi juu kwenye shingo. Za mama zilikuwa na pete nyekundu. Mahali pako mezani ndipo gambuti zako zinaposimama. Ukifiwa, ukiugua, ukijifungua, banda halina habari ya likizo. Kuna gambuti tu. Unamtuma dada yako, au mke mwenzio, au binti yako, anazivaa, anasimama pako, na siku inahesabiwa kuwa yako. Wanawake waliita jambo hilo kumshikia mtu viatu. Msimamizi wetu, Sospeter, alilipenda mno, kwa sababu meza haikukosa mikono hata siku moja na yeye hakuhitaji kukumbuka sura ya mtu.

Siku yangu ya kwanza hakunitazama usoni kabisa. Alitazama miguu.

"Nyekundu! Mbona umechelewa?"

Nikageuka kumtafuta huyo Nyekundu. Mwanamke mrefu aliyekuwa upande wa pili wa meza akaangua kicheko. Huyo ndiye Boke, Mkuria wa Kegonga, aliyekuja kuolewa huku na kukuta hakuna anayeelewa lugha yake, kwa hiyo meza yetu nzima ilizungumza Kiswahili kwa ajili yake, naye akakitumia kututukana wote bila upendeleo.

"Wewe ni wa nani?" akaniuliza.

"Wa Min Owino, mama yake Owino. Mimi ndiye Owino mwenyewe."

"Hapana. Leo wewe ndiye Min Owino. Owino yuko nyumbani anaugua. Simama hapa, mama, chukua kisu."

Basi nikapara. Nilianzia kichwani kuelekea mkiani, taratibu, kwa adabu. Magamba yakalala vilevile yalivyokuwa.

"Unampara ama unamchana nywele?" akasema Boke. "Anataka kwenda harusi? Anza kwa mkia, panda juu, wewe! Kwenu hamkulagi samaki?"

Kumwuliza Mjaluo kama kwao hawali samaki! Meza nzima ilipiga kelele. Nilijifunza siku hiyo kwamba kazini mtu hufundishwa kwanza kwa kuaibishwa, halafu ndipo anaonyeshwa. Boke alinionyesha. Kisu kinashikwa karibu na ncha, kidole cha shahada juu yake, na jicho linakaa kwenye mwiba wa shavu, maana mbuta aliyekufa bado anakata kuliko mwalimu wa zamu. Kisu kinanolewa kwa mate na jiwe, si kwa maji, na jiwe haliazimwi. Mtu akikuomba jiwe lako, mwambie limepotea hata kama limo mkononi mwako. Aproni ya plastiki inafungwa nyuma kwa fundo la kulegea, ili ukiteleza kwenye utelezi wa matumbo uanguke peke yako bila kuvuta meza. Barafu usiiguse kwa mkono mtupu kwa muda mrefu. Glavu hazikuwapo. Mkitaka kujua kwa nini hazikuwapo, kamwulizeni tajiri, mimi nimeshakatazwa kurudi kumwuliza.

Kesi ngumu ya kwanza niliyoikuta ilikuwa ya ngege, yule sato mtamu. Nilipasua tumbo la mbuta mkubwa, ndani yake nikamkuta ngege mzima, mnene, hajatafunwa, ametulia kama abiria aliyelipa. Nikashangilia. Mwanamke wa kulia kwangu akasema ni wake kwa sababu mbuta yule alitokea upande wake. Mimi nikasema mpasuaji ni mimi. Tukabishana mpaka Sospeter akaja, akakohoa kama hakimu. Hukumu yake ilikuwa ya zamani kuliko mimi: kinachopatikana tumboni ni cha mwenye viatu, si cha aliyevivaa. Basi ngege alikwenda nyumbani kwa mama, naye mama akamla na homa yake, akaniachia mkia. Nilikasirika, lakini nilielewa. Miguu ni yangu, jasho ni langu, lakini siku ni ya mama. Ishikeni hukumu hiyo, tutairudia.

Nikarudi shuleni. Kila likizo baada ya hapo nilishika viatu walau kwa siku chache, mama akiwa na mazishi au shamba, na meza ikanizoea. Kisha mama akashika mimba. Hakuacha kazi. Alipara samaki tumbo likiwa limegusa meza, halafu likiwa limemsukuma mbali na meza, mpaka ikawa anampara mbuta kwa mbali kama mtu anayechokoza nyoka kwa fimbo. Alimwomba Sospeter kiti. Sospeter akamwambia kiti kitawafanya wengine nao wachoke. Nilipoambiwa maneno hayo nilitaka kwenda kumtia Sospeter ndani ya sanduku la barafu, nimpange vizuri, kichwa kwa mkia, aende Ulaya.

Likizo ya Agosti ya kidato cha pili ilipofunguka, mama akajifungua msichana, Akinyi, mwenye sauti ya king'ora. Siku iliyofuata nilikuwa ndani ya gambuti za pete nyekundu. Sasa tulieni hapa kidogo, kwa sababu watu wengi walinipongeza ufuoni, wakisema huyu ni kijana mwema, anamsaidia mama yake. Wema gani? Mimi sikuwa ninasaidia. Mimi ndiye niliyekuwa likizo ya uzazi ya mama yangu. Likizo ya uzazi ya banda lile ilikuwa na miguu miwili, chunusi, na alama mbaya za hesabu. Na shule ikifunguliwa, likizo hiyo ingevua gambuti na kurudi darasani, mama apende asipende, amepona hajapona.

Ndipo redio ikasema. Tulikuwa na redio ndogo ya betri, tukiianika juani ili betri zisikate tamaa. Mtu wa habari alisema huko Nairobi kuna mpango wa kuzigeuza sheria za kazi. Nilisikia vipande vitatu kabla Akinyi hajafungua king'ora. Kwamba kibarua anayefanya kazi mahali pamoja mfululizo atahesabiwa mfanyakazi kamili, asifukuzwe kama kuku sokoni. Kwamba mama akijifungua, kazi yake itamngoja. Na kwamba watoto wasiajiriwe. Kile cha tatu kilinipita sikioni. Nilikuwa nimevaa gambuti, nikijiona mtu mzima.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwambia mama. Angemwambia Boke. Wangeketi, wangehesabu nani ameanza lini, wangenyamaza, wangesubiri. Mimi nilikuwa na utani mzuri, na utani mzuri ukikaa na mimi usiku mmoja unaharibika kama samaki bila barafu. Ijumaa hiyo tajiri alikuja bandani.

Tajiri ni Bwana Odera, mtu mnene mwenye viatu vyeupe, ambaye huvaa viatu vyeupe kwenye banda la samaki ili mjue kwamba yeye haendi karibu na meza. Kila akija husema, "Sisi hapa ni jamaa moja." Siku hiyo pia alisema.

"Sisi hapa ni jamaa moja."

"Ndiyo, Mkubwa," nikasema kwa sauti, "na sheria ikija tutakuwa jamaa kabisa, mpaka uturithishe shamba!"

Wanawake wakacheka. Naye akatabasamu. Huyo ndiye mtu mbaya, anayetabasamu anaposikiliza.

"Sheria gani, kijana?"

"Hujasikia redio? Kibarua wa mfululizo anakuwa mfanyakazi kamili. Huwezi kumtoa. Akizaa, kazi inamngoja. Nunua viti, Mkubwa!"

"Kumbe. Na wewe utakuwa mfanyakazi kamili?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Mungu alinipa nafasi, na kikohozi cha Boke pia kilinipa nafasi. Lakini macho yote ya meza yalikuwa kwangu.

"Mimi na mama tutagawana," nikasema. "Yeye mguu wa kulia, mimi mguu wa kushoto. Si unajua hapa tunashikiana viatu? Hakuna hata mmoja ambaye viatu vyake havijavaliwa na ukoo mzima!"

Kicheko kikakatika. Bwana Odera akaitazama meza, safari hii akashuka na macho mpaka chini, gambuti moja baada ya nyingine, pete nyekundu, pete ya buluu, pete ya njano.

"Hakuna hata mmoja," akasema polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Asante, kijana. Umenisaidia sana."

Jumatatu alirudi asubuhi na mapema, jambo ambalo hakulifanya hata siku paa lilipong'olewa na upepo. Alisimama juu ya kreti.

"Nasikia kuna watu wanangoja sheria," akasema. "Mimi naheshimu sheria. Sheria inasema mfululizo. Sasa nani hapa amefanya kazi mfululizo? Leo dada, kesho binti, keshokutwa kijana wa shule. Hakuna mtu hapa amefanya mfululizo. Waliofanya mfululizo ni hizo gambuti."

Alicheka peke yake. Kisha akasema yaliyobaki. Kila mtu avue gambuti azirudishe kwa Sospeter. Wote ni vibarua wapya kuanzia wiki hiyo. Watachukuliwa kwa zamu, wiki hawa, wiki wale, ili asiwepo atakayejiita wa mfululizo tena. Na wenye watoto wachanga wakae kwanza nyumbani, kwa faida yao.

Mwenye mtoto mchanga alikuwa mmoja tu. Alikuwa kitandani kwetu, na kazi yake ilikuwa imevuliwa kutoka miguuni mwangu.

Nawaambia ukweli, nimewahi kukasirishwa na walimu, na timu yetu kufungwa, na chai ya shule ambayo mtu anaweza kusomea gazeti upande wa pili. Hasira hii ilikuwa nyingine. Wale wanawake walishikiana viatu kwa sababu yeye hakuwapa siku ya kuugua. Walibeba mzigo ambao ulikuwa wake, wakaubeba kwa miaka, na sasa anawaambia kwamba kwa kuubeba wamepoteza haki. Na sheria yenyewe haijafika! Ipo njiani tu, ni maneno ya redio, bado wanaijadili wakubwa. Lakini tajiri ameshaipokea mlangoni na kuila. Nikaona sasa jinsi mambo yanavyokwenda: sheria inavuliwa kwa ajili ya mfanyakazi, lakini inapita kwanza mikononi mwa mwajiri, anachuna nyama yote, na sisi inatufikia ikiwa mgongo wazi. Na safari hii aliyembebea sahani ni mimi.

Boke alinifuata nje.

"Owino."

"Naam, mama."

"Mdomo yako nani anaishikaga viatu ikichoka?"

Nikatazama miguu yangu mitupu.

"Haichokangi," akajijibu. "Hiyo ndiyo shida. Twende kwa mama yako. Wewe ndiye utasema, si mimi."

Walikuja wote, wakajaa nyumbani kwetu, wakamchukua Akinyi wakampitisha mkono kwa mkono. Mama alikuwa ameketi kitandani, kitambaa tumboni. Nilianza kusema, nikaruka kipande cha utani, Boke akanikohoa, nikarudi nikakisema. Mama hakunitazama. Alikuwa anawatazama wenzake.

"Alisema waliofanya kazi ni gambuti?"

"Hivyo ndivyo alisema," akajibu Boke.

"Mbele ya Sospeter?"

"Mbele ya Sospeter na mbele ya samaki."

Bega la mama likaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikataka dunia inimeze. Alikuwa anacheka, ameshika tumbo kwa maumivu.

"Basi," akasema, "kama ni gambuti, mpeni gambuti zake."

Kesho yake mashua za Remba zilifika zimejaa, na lori lilikuwa limeshasimama likinguruma. Tuliingia kama kawaida, wa zamu na wasio wa zamu, tukazichukua gambuti zote kwa Sospeter, aliyedhani tunazivaa. Hatukuzivaa. Tulizipanga kando ya meza, kila jozi mahali pake, vidole vikielekea samaki. Mbele ya kila jozi tukaweka aproni imekunjwa na kisu juu yake. Za pete nyekundu nilizisimamisha mimi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho katika banda lile, na sijawahi kupanga kitu vizuri kama nilivyozipanga gambuti zile. Kisha tukatoka sote miguu mitupu, tukaketi kwenye nyasi mlangoni, mahali ambapo mtu aliye ndani anatuona vizuri.

Bwana Odera alipofika, mbuta walikuwa wamerundikwa mezani na jua limeanza kupiga mabati. Aliangalia ndani. Aliangalia nje.

"Nini hii?"

"Wafanyakazi wako wa mfululizo," akasema Boke. "Wameshafika wote. Hakuna hata mmoja amechelewa."

"Acheni mchezo. Samaki wanaharibika!"

"Waambie basi waanze. Labda wanangoja wewe uwasalimie. Si nyinyi ni jamaa moja?"

Watu wa mashua walianza kukusanyika kuona. Dereva wa lori alizima injini, akashuka, akaegemea mlango kama mtu aliyekata tikiti. Bwana Odera akamfokea Sospeter, Sospeter akachukua kisu, akaanza kumpara mbuta kutoka kichwani kwenda mkiani. Siwezi kueleza furaha niliyoipata.

"Anamchana nywele!" nikapiga kelele. Boke akanikanyaga mguu, lakini alikuwa anacheka.

Barafu ikaanza kutiririka kutoka chini ya sanduku na kuja mpaka kwenye viatu vyeupe. Bwana Odera akarudi nyuma hatua.

"Haya, rudini. Tutaongea baadaye."

"Turudi tukiwa akina nani?" akauliza Boke. "Wapya ama wa zamani?"

"Si nimeeleza? Mlikuwa mnabadilishana! Nitajuaje siku ni ya nani?"

Boke akasimama, akafuta majani kwenye sketi yake.

"Tusibishane na wewe. Tumuulize Sospeter, yeye ndiye hakimu wa ngege. Sospeter! Ngege akitoka tumboni ya mbuta, ni ya aliyevaa viatu ama ni ya mwenye viatu?"

Sospeter alitazama kisu, akatazama barafu, akamtazama tajiri. Magamba mawili yalikuwa yamemganda shavuni.

"Ya mwenye viatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata kama mwenyewe amelala nyumbani?"

"Hata kama."

"Umeamua hivyo tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Sasa, Mkubwa," akasema Boke, "kama ngege ni yake na yeye amelala nyumbani, siku itakuwa ya nani? Ya mbwa?"

Watu wa mashua wakapiga makofi. Dereva akasema kwa sauti kwamba yeye ataondoka na lori tupu, kazi yake ni kuendesha, si kungoja kesi. Bwana Odera akapanguza shingo. Boke hakumpa nafasi. Akaingia, akagusa gambuti moja baada ya nyingine, akimtaka ataje mwenyewe. Hakujua hata jina moja. Miaka yote ya jamaa moja, hajui jina la jamaa! Ilibidi Sospeter amnong'oneze, naye arudie kwa sauti, mbele za watu, hizi ni za fulani, hizi ni za fulani. Walipofika kwenye pete nyekundu, Sospeter akanong'ona, na Bwana Odera akasema:

"Za Min Owino."

"Yuko wapi?" akauliza Boke.

"Nyumbani."

"Na mahali pake ni pa nani?"

Barafu ikadondoka.

"Pake," akasema.

Wanawake wakaingia, wakavaa, visu vikaanza. Mimi nami nikakimbilia gambuti za mama, nimeshatia mguu mmoja, ndipo nikausikia mkono begani.

"Wewe ndiye yule wa redio," akasema Bwana Odera, na tabasamu lile likarudi. "Mimi nami nilifungua redio. Si sheria yenu hiyo hiyo inasema watoto wasiajiriwe? Mimi naheshimu sheria. Vua. Sitaki kukuona hapa tena."

Na hivyo ndivyo nilivyostaafu. Kati ya vipande vyote vya sheria ile, alichagua kimoja akakitekeleza papo hapo, kabla hata ya wakubwa wa Nairobi kumaliza kusema. Si kibarua kuwa mfanyakazi kamili, si mama kungojewa na kazi yake. Mimi. Wala sisemi ni kipande kibaya. Mahali pa mtoto si pale, vidole vyangu vinajua. Lakini ukiondoa mtoto bila kuweka likizo, umeondoa nini? Umemtoa kitandani mwanamke ambaye hajapona.

Nilivua. Nikasema, "Na za mama atashika nani?"

Bwana Odera akainua mabega. Boke ndiye aliyejibu, bila kuacha kupara.

"Ziache hapo hapo zisimame. Samaki zake tutapara sisi, kila mtu moja moja, mpaka arudi. Na ngege ikitokea, nitaleta mwenyewe."

Kwa hiyo nikaziacha. Mkienda pale leo mtazikuta, gambuti tupu za pete nyekundu katikati ya wanawake, zikikanyaga sakafu kama wengine. Bwana Odera akipita huzikwepa kwa macho. Sheria bado haijafika. Bado anawaita vibarua, na siku ikifika atatafuta mlango mwingine wa kutokea, msijidanganye. Kwa hiyo nyinyi mnaotaka kunirithi, msiende kuomba kazi pale. Nendeni mkasome. Mkisikia neno lolote kuhusu kazi, lisikieni mpaka mwisho, mtoto alie asilie, halafu mfunge mdomo mpaka mfike kwa wenyewe.

Nilifika nyumbani miguu mitupu. Nilimweleza mama kila kitu, makofi ya watu wa mashua, Sospeter na magamba shavuni, jina lake likitajwa kwa sauti, gambuti zake zikisimama zenyewe, na mimi kufukuzwa. Safari hii sikuruka kitu. Mama alikuwa ananyonyesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamhamishia Akinyi upande wa pili, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akasema:

"Ukiisikia tena hiyo sheria, Owino, usianze na mwenye samaki. Ilete kwanza hapa jikoni, tuipare magamba sisi wenyewe, tuone kama ina nyama."